Maji ya Andati

Kwanza ilikuja sauti. Glu. Kimya. Glu, glu, kama mtu anayekunywa maji bila kiu. Sydney aliisikia ikipenya kelele za makanga wa steji ya Kakamega na mvua ya saa tisa iliyopiga mabati ya kibanda chake. Akainua kichwa. Mlangoni alisimama msichana mwenye gauni la manjano lililolowa mabegani, amekumbatia kompyuta ya mezani kama mtoto mchanga.

"Dada, umebeba mashine ama mgonjwa?"

"Inalianga hivyo," alisema Rachael. "Hata bila stima."

Sydney alicheka. Alipofungua ubavu wa mashine, kicheko kikaisha. Ndani ya mipira iliyozungusha maji ya kupoza prosesa kulikuwa kumeota kitu cha kijani, chembamba kama nywele, na kiliyumba ilhali maji yametulia.

"Nani aliweka maji haya?"

"Andati, mchumba wangu. Alikuwa anatembeza wageni msituni Isecheno. Aliiunda mwenyewe, akaijaza maji ya chemchemi ya huko. Alisema hakuna maji safi kuyashinda. Baada ya mazishi yake, siku ya kunyoa nywele za matanga, mamake alinikabidhi."

"Maji ya chemchemi yana uhai, mrembo. Mashine hutaka maji ya betri, yaliyokufa kabisa. Wacha nikuwekee feni. Feni ni vumbi tu, unapangusa. Maji yakivuja, umepoteza kila kitu."

"Feni ina kelele."

"Kuliko wewe?"

Rachael alicheka, akajishangaa. "Nipe muda nifikirie."

Alifikiria miezi miwili, na kila mara alikuja kufikiria pale kibandani, na mahindi ya kuchoma mkononi.

"Leo umemfuata nani, feni ama fundi?"

"Fundi ndiye mwenye kelele."

Lakini kazi ya Rachael ilikuwa kuhariri video za harusi, na mashine ilizimika palepale kila mara: bwana harusi akifungua kinywa kuapa. Hatimaye Rachael alisalimu amri.

"Weka feni. Maji yake usiyamwage, Sydney. Nitayarudisha chemchemini mwenyewe."

Sydney aliyakinga kwenye chupa ya juisi, akaikaza kifuniko. Kesho yake Rachael aliingia, hakusalimu.

"Maji yako wapi?"

Wivu ulimpanda Sydney. "Nimeyamwaga mtaroni."

Rachael alibeba mashine yake, akaondoka.

Wiki nzima simu ilinyamaza. Siku ya nane ikaita.

"Sydney, sikiliza."

Glu. Glu, glu.

"Ina feni tu, hakuna tone humu. Na imezima tena, palepale."

Sydney aligeukia rafu. Ndani ya chupa iliyokazwa, mapovu yalipanda moja moja, sawasawa na sauti iliyotoka simuni.

"Rachael, nilikudanganya. Maji ninayo hapa. Nilimwonea maiti wivu."

"Mjinga wewe. Nilitaka kuyarudisha ndio nikuje kwako mikono mitupu."

Jumamosi adhuhuri walisimama kwenye chemchemi. Juu ya miti jua lilikuwa kali. Chini kulikuwa na giza, na ndege wote wamenyamaza. Rachael, kitambaa cheupe kichwani, alipiga magoti, akafungua chupa na kuyamimina maji. Zile nywele za kijani zilijinyoosha, zikaogelea kupanda mkondo, kisha zikasimama.

Glu.

"Anangoja," alinong'ona.

"Nini?"

"Unajua."

Sydney hakuwahi kumvulia mtu kofia. Aliivua, akaushika mkono wa Rachael uliolowa, akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya miti:

"Andati, naitwa Sydney, fundi. Nilisema maji yako nimeyamwaga, nilisema uongo. Huyu nitamwoa mchana kweupe, mbele ya watu wako na wangu. Na sitamwambia hata siku moja akusahau."