Matone Ndani ya Tonge

Mama mkwe wangu anaitwa Khampaeng. Kila asubuhi huamka kabla yangu. Huwasha mkaa, huweka kikapu cha wali wa kunata juu ya chungu cha maji yanayochemka, halafu hukaa kwenye kigoda na kusugua magoti yake. Mimi nikiwa bado ndani ya chandarua nausikia mkono wake. Shwa, shwa, shwa. Kwa sauti hiyo najua kama leo tutakwenda wote barabarani kuwapa watawa wa Kibudha chakula, au nitakwenda peke yangu.

Nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo. Ilijengwa kwa ajili ya watu wengi. Sasa tunaishi wawili. Mume wangu, Wichian, yuko Taiwan, anafanya kazi kwenye kiwanda cha misumari. Dada yake yuko Bangkok. Kijijini kwetu karibu nyumba zote ziko hivyo. Wakati wa kupandikiza mpunga unaweza kuita kutoka upande huu wa shamba, na asikuitikie mtu.

Mama ameinama kwenye maji ya mpunga tangu utotoni. Mgongo umechoka. Magoti yamechoka. Na kuna maumivu mengine, yanayoshuka kutoka kiunoni hadi kwenye nyayo kama moto. Hayo humjia akilala.

Dawa yake ilikuwa vipakiti vya dukani. Ni mifuko midogo ya plastiki, ndani mna vidonge vya rangi mbalimbali, havina jina. Wakulima wa kwetu wote wanavijua. Ukienda dukani unasema tu, "Nipe cha mgongo," unapewa. Mama akimeza asubuhi, mchana anainuka na kufagia uwanja. Kwa hiyo aliviamini.

Tena alinenepa usoni. Uso ukawa wa duara, mashavu yakajaa. Majirani wakamsifu. "Mama Khampaeng, umenawiri. Mkwe wako anajua kulisha." Mimi nilimtazama wakati wa kuoga. Mikono na miguu ilikuwa imekonda. Ni uso tu ulionenepa. Sikuelewa.

Jumapili Wichian alipiga simu ya picha.

"Mama, mbona umependeza hivyo?" alisema. "Saifon anakulisha nini?"

"Ananilisha kama nguruwe wa harusi," Mama akasema. "Ukirudi utanikuta nimekwama mlangoni."

Wakacheka wote wawili. Wichian akauliza kuhusu magoti.

"Magoti gani? Jana nimecheza ngoma hekaluni."

Simu ilipokatika, Mama aliilaza juu ya mkeka, kioo chini. Kicheko kikaondoka usoni pake.

"Mama, kwa nini humwambii?"

"Nimwambie ili afanye nini? Apande ndege aje anikande?"

Akafungua kipakiti kingine.

Siku chache baadaye Mjomba Khen alikuja. Nyumba yake iko nyuma ya kisima. Ni mtu mwema na ana dawa ya kila kitu, isipokuwa ya uvivu wake. Alikuwa na kichupa cha dawa ya macho, ila ndani yake mlikuwa na mafuta meusi.

"Dada, hii ni bangi," akasema. "Siku hizi hata hospitali wanaitoa. Tone moja chini ya ulimi, unalala kama mtoto."

"Umeitengeneza na nini?" Mama akauliza.

"Na mikono yangu hii, kwenye sufuria ya umeme ya wali."

"Ndiyo maana naogopa."

"Babu yangu alikuwa mganga, Dada. Mimi nina damu yake."

"Damu yake unayo. Akili yake nani alirithi?"

Mimi nikauliza, "Mjomba, ina nguvu kiasi gani?"

Akakishika kichupa kwenye mwanga. "Nguvu ya kutosha," akasema.

Asubuhi iliyofuata Mama alionja tone moja, akakunja uso. Lilikuwa chungu. Basi akafanya kama tunavyofanya na kitu chochote kichungu. Akafinyanga tonge la wali wa kunata, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba, akadondoshea mafuta pale, akachovya kwenye pilipili na kumeza. Akangoja. Hakuna kitu. Akafinyanga tonge la pili, akaongeza matone. Akangoja tena.

"Khen ameniletea mafuta ya pikipiki," akaniambia.

Nikacheka. Nikachukua jembe nikaenda kuangalia maji shambani. Sikujua kwamba baadaye alikula la tatu, na juu yake akameza kipakiti.

Niliporudi nilimkuta kwenye ngazi, amekumbatia nguzo. Macho mekundu. Midomo imekauka.

"Nyumba inaelea," alisema. "Nani amefungua maji?"

"Mama, ni mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Ni Saifon. Mke wa Wichian."

"Aa. Basi mwite Wichian, mwite na dada yake. Waambie wapande juu. Wali unapoa."

Aliita majina yao kuelekea shambani, kama anavyoita mama aliyeivisha chakula. Aliita jina la marehemu mumewe pia. Kisha mikono ikalegea kwenye nguzo, akateleza hadi chini.

Nilishuka mbio. Alikuwa anapumua. Moyo wake ulikuwa unakwenda kasi, niliuona ukipiga shingoni. Nikapiga kelele. Mjomba Khen alikuwa mjini. Aliyenisikia ni Dada Duangta, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekuwa anapita na pikipiki yake yenye kitoroli pembeni.

Alipiga simu kwanza kuita gari la wagonjwa. Kisha akapiga magoti.

"Mlaze ubavu," akasema. "Usimpe maji, anaweza kupaliwa. Usimtapishe. Amemeza nini?"

Nikasita. Kipakiti si kitu, lakini bangi ile haikutoka kwa daktari.

"Saifon, mdogo wangu. Aibu tutaiona baadaye. Lete kila alichomeza, hata maganda."

Nikaleta kichupa. Nikaleta na vipakiti. Vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani. Mama alikuwa amevificha ndani ya kikapu cha nyuzi.

Gari likaja, na usiku ule nililala hospitali ya wilaya, chini ya kitanda chake, kwenye mkeka kama ndugu wengine wa wagonjwa. Wenzangu walikuwa na watu wa kuongea nao. Mimi nilikaa nikitazama kidole chake kilichobanwa na kifaa kidogo cha kupimia chenye taa nyekundu. Niliwaza kwamba akifa, nitabaki kwenye nyumba ile na vyungu vyake.

Kesho yake Mama aliamka akiwa na akili zake. Kitu cha kwanza aliuliza, "Nani amefungia kuku?"

Daktari anayemtibu alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Orathai. Alivuta kiti akakaa karibu, asisimame juu yetu.

"Mama, unajua kwa nini matone yale yalikuangusha?"

"Kwa sababu Khen ni mpumbavu."

"Tumwache Khen kidogo. Mafuta ya bangi yakimezwa na chakula hayafanyi kazi upesi. Yanapita tumboni kwanza. Unaweza kungoja asubuhi nzima. Mtu akiona kimya anaongeza. Halafu yote yanakuja kwa pamoja, na hayaondoki haraka."

"Mimi nilijua ni maji tu."

"Wengi wanadhani hivyo. Na mafuta ya nyumbani hayana kipimo. Tone moja linaweza kuwa dhaifu, la chupa nyingine likawa kali sana."

Kisha akaweka vipakiti juu ya shuka.

"Lakini Mama, hivi vinanitisha zaidi. Choo chako ni cheusi?"

Mama akageuza uso kuelekea dirishani. "Tangu mavuno," akasema.

"Hiyo ni damu. Tumbo lako lina kidonda. Ndani ya vipakiti kuna dawa kali za maumivu, zinachimba tumbo na kuchosha figo. Na mara nyingi huchanganywa na steroidi. Hiyo inakupa nguvu ya uongo. Inaficha maumivu, inalainisha mifupa, inajaza uso."

Mama alishika shavu lake. "Kwa hiyo sikunenepa?"

"Umevimba, Mama."

Mkono ulibaki shavuni.

"Kijiji kizima kilinisifu," akasema polepole. "Mwanangu alifurahi."

Akavikusanya vile vipakiti kiganjani. "Basi sasa nitavitupa vyote mtoni," akasema kwa hasira. Daktari akatikisa kichwa.

"Vipakiti hivi usivimeze tena, lakini ile steroidi hatuikatishi ghafla. Mwili wako umeizoea, umeacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata leo unaweza kuzirai na hata kufa. Nitakupa ya kupimwa, tutaipunguza kidogo kidogo. Na sasa niambie dawa zako zote. Za presha, za mitishamba, zote. Bangi inagombana na dawa nyingine, kama zile za kuzuia damu isigande. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo ni hatari."

"Na yale maumivu?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mkiniondolea vyote, mimi nitakaa na nani? Nitabaki na maumivu tu."

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, mkono wangu juu ya mguu wake.

Kabla ya kuondoka tulipelekwa kwenye chumba cha tiba asili. Mhudumu wa pale alituonyesha bunda la majani lililofungwa kwa kitambaa cheupe, saizi ya embe. Ndani mlikuwa na mchaichai, manjano, tangawizi mwitu, majani ya mkwaju, maganda ya ndimu na chumvi. Alilipasha kwa mvuke. Akaligusisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe asimuunguze mgonjwa. Kisha akalikandamiza kiunoni mwa Mama, akaliinua, akalikandamiza tena.

"Usikande penye jeraha, wala pakiwa pamevimba na pana moto," alisema. "Mtu mwenye ganzi muangalieni sana, ataungua asijue."

Mama alifumba macho. "Hii nitajifanyia nyumbani."

"Goti utaweza. Mgongoni mkono wako haufiki. Anahitajika mtu."

"Hakuna mtu."

Yule mhudumu akanitazama. Mama akafuata macho yake.

"Huyu ana shamba," Mama akasema. "Ana kuku, ana maji ya kuchota. Hakuolewa aje kunikanda mimi."

"Nitakukanda, Mama," nikasema.

"Umechoka hata wewe."

"Nimechoka. Nitakukanda."

Tulirudi. Mambo hayakuwa mepesi. Dawa ilipopunguzwa uso wake ulianza kusinyaa, na yeye alikuwa mkali kama pilipili. Majirani sasa wakasema, "Mama Khampaeng, umekonda, una nini?" Dada Duangta akawa anawajibu, nyumba kwa nyumba, kuhusu vipakiti. Alipofika kwa Mjomba Khen alimwuliza, "Babu yako alikuwa akipima dawa?" Khen akasema alikuwa na mizani ndogo ya shaba. "Wewe yako iko wapi?" Mjomba Khen aliikuna shingo. Tangu hapo sufuria yake inapika wali tu.

Kila jioni jua likiwa bado lipo nilimkanda Mama. Asubuhi alifanya mazoezi aliyofundishwa: anakaa kitini, ananyoosha mguu mmoja, anahesabu, anaushusha. Kidonda cha tumbo kilipopona, magoti yalikuwa na nafuu, lakini ule moto wa mguuni bado ulimnyima usingizi. Ndipo Daktari Orathai, baada ya kumpima moyo na ini, akampa mafuta ya hospitali. Chupa ina jina lake na kipimo.

"Si muujiza," alimwambia. "Wengine yanawasaidia kidogo, wengine hayawasaidii kabisa. Tone moja chini ya ulimi kabla ya kulala. Lisipofanya kitu, usiongeze. Njoo kwangu. Usinywe na pombe, usiendeshe chombo, na watoto wakija nyumbani, chupa uifungie kabatini."

Dada Duangta, aliyetusindikiza, akaongeza, "Na ukienda kumtembelea Wichian Taiwan, chupa hii usiibebe. Kule utafungwa jela."

"Angalau nitakuwa karibu naye," Mama akasema.

Analala sasa. Si kila siku, lakini analala. Maumivu yapo, ila hayampigi chini.

Jumapili iliyopita Wichian alipiga simu. Aliuona uso wa Mama, mdogo na wenye mikunjo, akaisogeza simu karibu.

"Mama, unaumwa?"

Nilingoja mzaha. Mama aliushika mshipi wa sarong, shuka yake ya kiunoni, akauachia.

"Niliumwa," akasema. "Niliumwa sana, mwanangu, nikakuficha." Akamweleza yote, vipakiti, matonge, ngazi. Wichian alilia kule kwenye chumba chake cha vitanda vya ghorofa, wenzake wakipita nyuma yake na taulo mabegani. Hakuweza kuja. Mkataba haujaisha. Lakini tangu siku hiyo hupiga hata katikati ya juma, na huanza kwa kuuliza, "Leo mguu vipi?" naye huambiwa ukweli.

Baada ya simu nilipasha bunda kwa mvuke, nikatandika mkeka. Mama hakulala. Alinyoosha mkono.

"Lete hilo. Lala wewe."

"Mama, zamu ni yako."

"Unapoinuka shambani unashika kiuno. Unadhani sikuoni? Lala."

Nikalala kifudifudi. Aliligusisha bunda kwenye mkono wake kwanza, kama alivyofundishwa. Kisha joto likashuka mgongoni kwangu, na harufu ya mchaichai. Mkono wake ulikuwa mzito na wa polepole. Nje hakukuwa na sauti ya mtu yeyote.

"Hapa?" akauliza.

"Chini kidogo, Mama."

"Hapa?"

"Hapo hapo."