Maji ya Kuoshea Pikipiki

Kila siku baada ya masomo, Igihozo alimsaidia baba yake, Twagirimana, kuosha pikipiki za wateja kando ya barabara ya kwenda Rubona. Alichomeka mpira wa maji kwenye bomba la mtaa, na maji safi yakaosha matope ya njia za Mudende, kisha yakapotelea mtaroni.

Kiangazi kimoja maji ya bomba yalikuwa machache. Alasiri moja alifika Gwiza, msichana aliyeketi naye dawati moja. Gwiza aliishi kilimani na bibi yake, Kabatesi.

"Niache nikinge kidogo tu," alisema. "Bibi hana hata maji ya kunywa."

"Subiri baba amalize," Igihozo akajibu.

Gwiza alisubiri. Pikipiki ya mwisho ilipokuwa inasuuzwa, bomba lilikoroma, likakauka.

"Basi, acha niende ziwani," Gwiza alisema taratibu, akateremka na jerikani yake tupu.

Alikunywa maji ya ziwa kabla hayajachemshwa. Usiku huo akaanza kuharisha na kutapika. Majirani walipomfikisha hospitali, nguvu zilikuwa zimemwishia. Gwiza hakurudi tena darasani.

Baada ya mazishi Igihozo alikataa kula. "Baba, aliomba kidogo tu," alisema huku akilia. Twagirimana alimkumbatia binti yake, naye machozi yakamtoka.

Wiki hiyo hakuosha pikipiki hata moja. Yeye na majirani walijenga sakafu ya saruji yenye mteremko. Maji machafu yalipita kwenye pipa lenye mawe, changarawe na mchanga, yakaingia kwenye pipa la pili yakiwa yamechujika, tayari kuosha pikipiki tena.

"Sawa, maji haya si ya kunywa," Twagirimana aliwaambia. "Lakini pikipiki haina tumbo la kuugua."

Majirani nao wakaanza kutunza maji ya kufulia kwa ajili ya kusafishia vyoo. Bomba likawa linatoa maji mpaka jioni, na watu wa kilimani wakapata.

Siku moja Bibi Kabatesi aliteremka mwenyewe kuteka maji. Igihozo alipomwona, alipiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Laiti ningalichomoa mpira siku ile..."

Kabatesi alimwinua.

"Inuka, mwanangu. Wewe ni mtoto. Sisi wakubwa ndio tuliomwaga maji kana kwamba hayaishi. Maji safi ni ya kunywa na kupikia kwanza. Kazi nyingine zifanywe na maji yaliyokwisha kutumika. Tumelijua hilo tumechelewa, na mjukuu wangu hayupo. Wewe umelijua ungali mdogo. Waambie wenzako, asije bibi mwingine akabaki peke yake kama mimi."

Igihozo alimjazia jerikani, akamshika mkono, wakapanda kilima pamoja, polepole.