Maji Hayana Baba

Kwanza kilikuwa kichupa cha maji. Kila maabara inapopima vinasaba katika vielelezo vya polisi, mpimaji huweka pembeni kichupa chenye maji safi tu, ahakikishe hakuna uchafu ulioingia. Maji hayana baba. Lakini asubuhi ile mashine ilisoma ndani yake alama za kromosomu Y, zile ambazo mwanamume humrithisha mwanawe wa kiume, na ilizisoma zote bila pengo.

"Mama Mate, umetutemea?" mkuu wa maabara alimtania mpimaji, maana hilo ndilo jina walilompa kwa kazi yake ya kupima mate ya watu. Wote wakacheka, maana mwanamke hana alama hizo. Wakapimwa wanaume wote wa maabara, mpaka mlinzi. Hazikuwa zao. Mkuu akazilinganisha na kumbukumbu za maelfu ya wanaume wa kila bara, kwa kuwa alama hutofautiana jamii na jamii, na hakosekani mtu wa kukaribiana nazo. Safari hii alikosekana. Kicheko kikakatika.

Mpimaji akaanza kumshuku mtu wa nyumbani. Chembe husafiri na nguo, ndiyo maana kanuni inataka familia za wafanyakazi nazo zipimwe, na mumewe kila mara alikuwa na udhuru: leo jino, kesho safari. Basi akapangusa shavu la mwanawe kwa pamba, akaficha kikombe alichonywea mumewe, na baba mkwe, aliyekuja kuwatembelea, akampa mate bila maswali. Kusema kweli aliona haya kuwapeleleza watu wake kama wezi.

Majibu ya mtoto na ya mumewe yalikuwa sawasawa na ya yale maji. Ya baba mkwe yalikuwa mbali kabisa.

Alimfikiria marehemu mama mkwe kwa ubaya. Alasiri hiyo hiyo alimfuata mzee chumba cha wageni, akafunga mlango kwa ufunguo, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana hakika kwamba mume wake ni mwanawe wa damu.

Mzee hakukasirika. Alinusa kwanza, kama mtu anayetafuta kinachoungua. Chumba kilijaa harufu ya udongo uliolowa, na nje jua lilikuwa kali.

"Mwanangu tulimzika akiwa na miaka saba, mkwe wangu," alinong'ona. "Matanga hayajaisha, akabisha hodi. Sura ile ile, kovu lile lile. Mama yake akamfungulia. Hatukuuliza kitu, naye hakutudhuru. Wewe sasa umeuliza."

Hapo mpimaji alisikia nyayo za mumewe sebuleni, saa ambayo mume huyo alipaswa kuwa kazini, zikija taratibu, zikisimama, zikija tena, na nyayo ndogo za mtoto zikizifuata, mpaka zote zikafika nyuma ya mlango alioufunga kwa mkono wake mwenyewe, na mlango ukafunguka bila kitasa kugeuka.

Mumewe alisimama pale na shati lake la kazini. Hakuwa amebadilika chochote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Ningezeeka na wewe," alisema. "Nilitaka kuwa mtu tu. Sasa umejua, lazima twende."

Mpimaji alimvuta mtoto, akamkumbatia kwa nguvu zote. "Nenda peke yako. Huyu ni wangu."

"Ni wangu," mumewe alijibu kwa upole. "Umepima mwenyewe."

Mtoto akajichomoa mikononi mwa mama yake, akamshika baba yake kidole, wakatoka.