Bugali Kama Ngumi

Ghislaine aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kando ya barabara ya Nguba. Waliowala ni watu wa nyumba za ghorofa. Yeye hakuonja. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mama mkwe wake, Maman Emérence, alimpimia chakula: bugali kama ngumi, mara moja kwa siku.

"Mutoto akikuwa munene, watakupasua," alisema. "Kula kidogo, atatoka bila shida."

Mwaka jana, kwa mimba ya kwanza, Ghislaine alitii. Kweli mtoto alitoka bila shida. Alikuwa na kilo moja na gramu mia nane, hana nguvu ya kunyonya. Siku ya tisa wakamzika. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakumnyima mtu bugali.

Wakati wa mashamba ya wazungu, wakati wa vita, na leo pia, chakula kikipungua, sahani ya mwanamke ndiyo inaondolewa kwanza. Sisi wanawake hatujasahau.

Siku moja Joviale, mhamasishaji wa afya wa mtaa, alikuja kununua sambaza. Aliutazama mkono wa Ghislaine, akaupima kwa utepe. Utepe ulionyesha rangi nyekundu, alama ya njaa kali.

"Maman, unauza chakula, na weye unalala njaa?"

"Mama mkwe anakataza."

"Twende nimuone."

Emérence alimpokea kwa kicheko. "Miye nilizala batoto munane. Utanifundisha nini, mutoto wa juzi?"

"Walibaki wangapi, maman?"

Kicheko kikakatika. "Batatu."

Joviale alikaa karibu naye. "Mutoto anajengwa na chakula ya mama yake. Mama akilala njaa, mutoto naye anazaliwa muzaifu. Ghislaine aongeze chakula mara moja zaidi kila siku: maharagi, mboga ya lengalenga, sambaza, yai. Akapimwe, anywe vidonge vya kuongeza damu, na azalie kwa maternité, hospitali ya wazazi. Njaa haifungue njia."

Jioni ile Emérence alipakua mwenyewe, sahani ya Ghislaine ikajaa.

Binti alizaliwa na kilo tatu. Alishika titi palepale. Emérence alimbeba, akausikia uzito wake, machozi yakamtoka.

"Yule wa kwanza, ni miye nilimuua?"



"Hatukujua, maman," alisema Ghislaine. "Kesho uende kwa jirani Bintu. Iko na mimba ya miezi tatu, na mama yake anamunyima chakula."