Kengele ya Mama Furaha

"Ulimfungulia sanduku la kengele! Mwinjuma kanywa uji wetu, kisha kachora nyaya zote!"

"Alikuwa mgeni, Mama Furaha. Mgeni akiomba kuona, nimfiche?"

"Uji ulikuwa wa mgeni. Kengele ilikuwa yangu."

Yunusi aliweka koleo mezani. Ilikuwa kweli. Ulikuwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, naye alikuwa fundi wa nyaya za simu hapa Morogoro. Mkewe Hidaya alipojifungua Furaha, aliugua mwezi mzima, asiweze kusimama. Yunusi akamtengenezea kengele ya umeme kando ya kitanda. Akibonyeza, mume anamsikia hata akiwa uani. Sasa Mwinjuma, mwenye duka, anaiuza sokoni, na anasema kaibuni yeye.

Mezani kulikuwa na kengele mpya, ya mlangoni. Hii hulia mwizi akikata waya. Umeme ukipita, sumaku hushika kichuma. Waya ukikatwa, sumaku huachia, kichuma huanguka, kengele hulia. Miezi minane Yunusi aliihangaikia.

"Mwinjuma anakuja leo kuiona," alisema polepole. "Nimeshamwalika."

"Umemwalika!"

Jirani yao, Bi Mwanaheri, muuza dawa ya kikohozi, aliingia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mnamwamsha mtoto. Kuna nini?"

Wakamweleza. Akacheka.

"Yunusi, dawa yangu umekunywa?"

"Kila masika."

"Ni majani gani?"

"Sijui."

"Nilikunyima?"

"Hapana, Bi."

"Nilikupa unga. Majani niliyatwanga kwangu. Mgeni mpe uji na kiti. Mwonyeshe kengele inavyolia, siyo ilivyofungwa."

"Akifungua mwenyewe?"

"Mimina nta kwenye viungo vya waya. Kichuma kiache kicheze."

"Nta inayeyuka, Bi."

"Ndiyo. Itamchelewesha tu. Kwa hiyo chora kazi yako kwenye karatasi. Andika siku, mwezi na mwaka. Mashahidi wawili watie saini. Kesho ukienda kwa liwali kusema ile ya kwanza ni yako, utaonyesha nini?"

"Sina kitu."

"Basi kwa hii uwe nacho."

Yunusi alimtazama mkewe. "Ningeona haya kumnyima mtu."

Hidaya alimshika mkono, uliojaa makovu ya waya. "Humnyimi. Unatunza kazi ya mkono huu."

Yunusi akachora. Bi Mwanaheri akatia saini, akamwita mumewe, Kibwana, kutoka ng'ambo ya ua, naye akatia yake. Hidaya alikunja karatasi, akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Kisha akaweka sufuria ya nta motoni. Yunusi alimimina taratibu, Hidaya akimshikia taa karibu, maana chumba kilikuwa na giza.

Nta ilikuwa imeanza kuganda.

"Hodi!"

"Karibu, Mwinjuma. Kaa, uji tayari."

Mwinjuma alikunywa haraka. Yunusi akakata waya mmoja. Kengele ikalia, Furaha akalia pia. Mwinjuma aliinua kifuniko cha kengele, akachungulia, akakuna nta kwa ukucha.

"Mbona umeziba?"

"Ndivyo ninavyoziuza sasa."

"Ikiharibika?"

"Niletee mimi. Nitatengeneza."

Mwinjuma alitazama kengele, akamtazama Hidaya. Hidaya akamwongezea uji.

"Haya," akasema Mwinjuma. "Nifungie moja dukani kwangu."

"Kesho," Yunusi alijibu. "Leo namfungia Mama Furaha."

Akachukua koleo na waya, akaanza kuifunga mlangoni pao.