Mawe Yaliyooshwa kwa Sabuni

Kila asubuhi upepo wa Lodwar huingiza mchanga ndani ya nyumba, na kila asubuhi Ebyan huuzoa. Siku zile alianza na chumba cha baba mkwe wake, Mzee Mustafe, ambaye yeye alimwita Aabo, yaani baba kwa Kisomali. Mzee aliugua mapafu, hata swala aliswali kitandani.

Mzee alizaliwa Merka, Somalia, kando ya bahari. Vita vilimleta kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kisha uzee ukamleta Lodwar kwa mwanawe Yahye, mume wa Ebyan. Daktari alisema safari ndefu itamuua. Yeye alitaka kitu kimoja tu: kuwaona samaki wa kwao kabla hajafa.

Yahye ni dereva wa lori. Alileta kutoka Mombasa tangi la kioo, chumvi ya bahari, samaki wadogo wa rangi, na mawe ya baharini yaliyofungwa kwa magazeti yaliyoloweshwa.

Mawe yalinuka. Ebyan hakutaka uchafu chumbani kwa mgonjwa. Aliyasugua kwa sabuni, akayaanika juani mpaka yakawa meupe. Yalipendeza, masikini. Kisha yakapangwa tangini, maji ya chumvi yakajazwa, samaki wakatiwa siku hiyo hiyo.

Haukupita muda, wote wakaelea tumbo juu. Mzee aliwaona, akageukia ukuta.

Ebyan alimwita jirani yao Apajok, afisa wa uvuvi.

"Ejok, Mama Ebyan," Apajok alisalimu kwa Kiturkana. "Uliosha hii mawe?"

"Nimeosha sana! Ilikuwa inanuka."

"Hapo ndio shida. Hiyo mawe ilikuwa na uhai. Ndani ya vishimo kunakaa vijidudu, macho haiwezi kuona. Samaki anakojoa, chakula inaoza, maji inapata sumu, inaitwa amonia. Hivyo vijidudu ndio vinakula hiyo sumu. Sabuni na jua imeviua."

Ebyan alijifunika uso kwa shela. "Kumbe ni mimi nimeua samaki ya Aabo."

"Hukujua, dada. Na hata mawe ikiwa nzuri, tangi mpya haiwekwi samaki siku ya kwanza. Osha tangi na maji tupu. Leteni mawe ingine kwa muuzaji ako na leseni. Hakuna sabuni, hakuna kuanika. Weka kwa maji ya chumvi, washa pampu, ngoja. Vitu vimekufa njiani vitaoza, amonia itapanda. Itageuka sumu ingine, nitriti. Hiyo pia itaisha. Nitakuja kupima. Zote mbili zikiwa sifuri, ndio unaweka samaki, mmoja mmoja."

"Muda gani?" Yahye aliuliza.

"Mwezi. Pengine zaidi."

Yahye alishusha sauti. "Mzee hana mwezi. Wacha tuweke tu, aone hata siku moja."

"Nasikia!" Mzee alisema kutoka ndani. "Maiti nimeona ya kutosha, Yahye. Ngojeni."

Wakangoja. Mawe mapya yalikuja, pampu ikanguruma kwa umeme wa sola. Vipimo vya sumu vikapanda. Wageni waliokuja kumjulia hali Mzee walicheka: siku hizi mnafuga mawe? Mawe yakaota utando wa kahawia. Mikono ilimwasha Ebyan kwa hamu ya kuyasugua, lakini hakuyagusa.

Asubuhi moja Mzee aliita kwa sauti iliyokauka. "Ebyan, kuja! Kuna mtu ametoka kwa jiwe."

"Nakuja, Aabo."

Katika ufa alisimama kaa mdogo wa baharini, mdogo kama punje ya haragwe, akichokoa chakula. Alikuwa amesafiri ndani ya jiwe. Mzee alimtazama mpaka adhuhuri, na siku hiyo alikula.

Alifariki wiki iliyofuata. Sumu ilikuwa bado haijaisha.

Matanga yalipopita, Apajok alipima tena. Amonia sifuri, nitriti sifuri. Alimwonyesha Ebyan jinsi ya kubadilisha sehemu ya maji.

"Sasa samaki wa nini?" Yahye aliuliza kwa uchungu.

"Wewe lete," Ebyan alisema.

Akaleta mmoja. Siku zikapita, samaki hakufa. Wakaongeza wa pili, naye akaishi.

Lakini siku ile samaki wa kwanza alipotiwa tangini, alizunguka jiwe mara moja, akapanda juu, akadaka chakula.

"Aabo, anakula!" Ebyan aliita, kabla hajakumbuka.