Marehemu Mwenye Koti la Kijani

Haya ni kweli tupu, toka neno la kwanza mpaka la mwisho, na kama nimeongeza chumvi hata punje moja, basi magoti yangu haya yagome siku ya barafu nikiwa katikati ya barabara. Meza yangu ilikuwa jirani na meza ya Augie Terranova. Nilisikia kila kitu kwa masikio yangu, na pale ambapo sikuwepo nilihadithiwa na watu wasiojua kusema uongo, ukimtoa Augie mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya maonyesho ya majarida ya kale, ndani ya ukumbi mmoja mkuukuu kusini mwa Filadelfia. Nje mvua ya Machi inamwagika, ndani watu wamebanana wakitoa mvuke kama viazi chunguni. Wakusanyaji unawajua kwa miwani: moja puani, nyingine kichwani, ya tatu imesahaulika mfukoni. Wanainama, wanageuza jarida kwa ncha za vidole, wanatazama kama pini za katikati zimeshika kutu, kisha wanalinusa kama mtu anusavyo tikiti kabla ya kulinunua. Mmoja akishika jarida ambalo wekundu wake bado umekoza, unamsikia anaguna peke yake kwa raha.

Lakini foleni ndefu ilikuwa kwa Augie. Dereva wa tramu mstaafu, suti ya kahawia, tai ya manjano kama haradali, sharubu zimechanwa vizuri. Watu walimpangia foleni kwa sababu ndiye yule kijana wa kwenye jalada.

Jalada lenyewe, Dansi ya Mwisho, nani asiyelijua kwetu? Thaddeus Marlow alilichora kwa ajili ya jarida la Kibaraza, enzi ambazo kila nyumba ilikuwa na Kibaraza mezani. Dansi ya shule imekwisha, maputo yamelala sakafuni, mzee wa usafi anasubiri na ufagio wake. Katikati ya ukumbi mtupu, kijana mwembamba mwenye viatu vikubwa kuliko yeye anaendelea kucheza na binti wa gauni jeupe, binti amelalia bega lake, macho kayafumba. Mashine za kuchapia zingekuwa zinajua kulia, siku hiyo zingelia. Marlow alikuwa akiwachora majirani zake: muuza nyama alimfanya jaji, shangazi wa posta alimfanya malkia. Na Augie, wakati huo ana miaka kumi na saba na chunusi tele, akamfanya mpenzi wa taifa zima.

Watu hawakuja kwa saini tu. Walikuja kwa hadithi.

"Na yule binti, Bwana Terranova? Aliishia wapi?" aliuliza bwana mmoja aliyekumbatia nakala yake kifuani.

"Aliishia kwangu," Augie akajibu. "Nilimwoa!"

Foleni nzima ikapumua, aaah.

"Nilimchumbia ndani ya tramu. Nikaisimamisha juu ya daraja, abiria wakashangilia mpaka kengele ikakatika. Fungate tulikwenda ufukweni Atlantic City, upepo ukamnyang'anya kofia, nasikia iliokotwa Ureno. Na kila Jumapili, ndugu yangu, madonge ya nyama makubwa kama ngumi hii." Hapo akachomoa leso. "Kisha mapafu. Alinifia mikononi."

"Pole sana," ilisema sauti ya kike.

Alikuwa mama wa makamo, koti la kijani lililombana vizuri kiunoni, kitambaa chekundu shingoni, nywele za fedha zimekatwa fupi, na macho ya mtu anayesikia kichekesho kabla hakijasemwa.

"Asante, mama."

"Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

"Winifred. Winifred Stoltz." Jina hilo Augie aliambiwa na Marlow mwenyewe, zamani hizo.

"Wa Germantown?"

"Huyo huyo! Ulimjua?"

"Kiasi. Tulikuwa tunatumia mswaki mmoja."

Augie akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Ndiye mimi, bwana," mama akasema taratibu, ameegemea meza. "Na nyama sijaigusa toka nikiwa msichana. Sasa hayo madonge nilikuwa nampikia nani?"

Nimewahi kuona tramu ikitoka relini. Sura ya Augie ilikuwa hiyo. Akamvuta pembeni, nyuma ya rafu yangu ya matangazo ya sabuni, kwa hiyo lawama ya kusikiliza si yangu.

"Nisitiri," alinong'ona. "Sikujua kama upo."

"Nipo. Hata mafua sina."

"Wewe na mimi hatujawahi kuonana. Marlow alinipiga picha peke yangu, nimekumbatia fagio la kupigia deki. Akasema, 'Msichana atakuja siku nyingine.'"

"Mimi nilikumbatia kiango cha makoti. Akasema mvulana alishakuja."

Wakatazamana. Nchi nzima iliwaona wakicheza, wao wenyewe hawakuwahi hata kupeana mkono.

"Kwa hiyo," Winifred akasema, "uliyecheza naye ni fagio. Na ndilo ulilolizika."

"Nilimtungia hadithi kwa sababu... basi tu. Nimemtundika juu ya kitanda toka ujana. Mtu akiuliza, ningesemaje? Kwamba simjui?"

Winifred akatazama pembeni, akakivutavuta kitambaa chake shingoni. Kisha macho yakarudia uchokozi wake. "Nitakusitiri. Ila kila uongo uliowalisha watu hawa utaufanya uwe kweli. Tunaanza na Atlantic City."

Akaomba kalamu. Katika ukumbi ule hakuna mtu ambaye angethubutu kuandika juu ya karatasi, kwa hiyo namba ya simu aliiandika kwenye pindo la shati la Augie. Shati hilo halijafuliwa mpaka leo.

*

"Halo? Marehemu yupo?"

"Marehemu anakunywa chai. Nani mwenzangu?"

"Mgane wake."

"Ah, mgane wangu! Umekula?"

"Nimekula. Nimenyoa. Nimepiga pasi mpaka soksi. Mazishini kwako sikupendeza hivi."

"Na maua ulileta?"

"Mawili."

"Bahili wewe! Kesho leta zaidi, nipo hai."

Wakaenda Atlantic City. Upepo wa siku ile ulikuwa hauna adabu, shakwe walikuwa wanaruka kinyumenyume. Winifred alivaa kofia pana makusudi, akaisimamisha kichwani bila kuishika, akaisubiri iende Ureno. Haikwenda. Upepo ulichukua miwani ya Augie, akawa anamtazama Winifred kwa karibu sana siku nzima, na wala hakuonekana kujutia hasara.

Jumapili ikaja ya madonge. Winifred aliyapika kwa dengu. Augie alitafuna la kwanza, akalitafuna tena, akatafuta maji.

"Sema ukweli."

"Matamu."

"Augie!"

"Nilikuwa dereva wa tramu, mpenzi, breki zake zilikuwa laini kuliko hili. Nipe lingine."

Akamwita mpenzi, na hakuna aliyelirudisha neno lile. Basi ukabaki uongo mmoja tu, ule wa tramu, na Augie alishaanza kutembea na pete ya marehemu mama yake mfukoni, akiigusa kila hatua kama mtu anayeumwa tumbo.

Ndipo ikaja habari iliyotutia wazimu sote wapenzi wa majarida. Picha yenyewe ya rangi ya mafuta, ile aliyoichora Marlow kwa mkono wake kabla haijapigwa chapa kwenye jalada, ilikuwa imepatikana darini kwa watu. Ingeonyeshwa mjini, pamoja na picha za kamera ambazo Marlow alikuwa akizitazama anapochora. Waandaaji wakamtaka Augie asimame kando yake, na yule binti pia, maana habari zilishavuma kwamba kafufuka.

Augie alishika simu kabla hajavaa viatu. "Winnie! Tunasimama mbele ya picha, mimi na wewe! Vaa jeupe!"

"Siendi, Augie."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nenda wewe, utanihadithia. Hadithi zako tamu."

"Yaani nimekufufua, halafu unanigomea siku yetu? Unanionea haya?"

"Si hivyo."

"Basi ni vipi?"

"Si kwenye simu," alisema, akaikata.

Alikwenda peke yake, kanuna, suti mpya inamchoma. Chumba kimefurika, watu wanapokezana kuikaribia picha kama wanakaribia tanuri. Alipogeuka, Winifred alikuwa mlangoni na koti lake la kijani, uso umempauka. Augie alitaka kukimbia kumlaki. Lakini bibi mwandaaji alishapaza sauti, akinyooshea mkono picha za kamera ukutani.

"Na hapa ndipo penye raha yenyewe! Kijana huyu hapa na fagio lake. Na uso wa binti, mabibi na mabwana, ni wa mpwa wake Marlow, huyu hapa, amekaa kwenye stuli."

Augie akatazama. Msichana wa kwenye stuli alikuwa na kidevu kile, kope zile, paji lile. Ndiye aliyetundikwa juu ya kitanda chake maisha yote. Na hakuwa Winifred.

Watu wakaanza kuchekacheka, shingo zikigeuka mlangoni.

"Wewe ni nani?" Augie aliuliza, mbele ya wote.

"Nilitaka kukwambia. Ulivyosema umemtundika juu ya kitanda, nikaogopa."

"Lini ungeniambia? Nikishavaa maua kifuani?"

"Ulinizika bila kunijua, Augie, nikakusamehe kabla chai haijapoa." Akafunga kifungo cha koti. "Mimi kosa langu ni kutokuwa na sura ile. Hilo tu."

Akatoka. Mlango ule ulikuwa mzito, ukajifunga polepole mno.

Augie hakumfuata. Alikaa kwenye benchi mpaka chumba kikaisha watu, akiwaza kwamba amechezewa shere na mtu asiyehusika kabisa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, akaitazama picha. Hakuwahi kuiona kwa ukubwa wake: inalingana na mlango. Kwenye jalada, mkono wa binti mgongoni mwa kijana ni mdogo kama harage. Hapa ulikuwa mkono hasa. Marlow aliuchora kwa makini kuliko alivyochora kitu kingine chochote, vifundo vimekuwa vyeupe kwa kukaza, vidole vimekunja koti la kijana kama vya abiria aliyesimama tramu ikikata kona. Uso wa yule binti umelala usingizi. Mkono uko macho, na haumwachii.

Akainuka, akasogelea ukuta. Kando ya msichana wa stuli palikuwa na picha nyingine ndogo: mikono miwili imekumbatia kiango cha makoti, kichwa kimekatwa. Chini yake, kwa penseli ya Marlow: *Winifred. Mikono ni yake. Shavu limevimba, jino. Uso tafuta kwingine.*

Augie alicheka peke yake mpaka mlinzi akaja kumtazama.

"Bwana, uko salama?"

"Yeye ndiye aliyenishika!" Augie akamwambia, akampita mbio.

Akapiga simu kutoka kibanda cha pembeni mwa barabara.

"Winnie, usikate."

"Nakata."

"Jino gani?"

Winifred akajibu kwa sauti ndogo, "La chini, kushoto. Nilivimba kama nimeficha chungwa. Niliposimama kwenye kiango nilikuwa nalia kwa maumivu, nikakikaza ili nisianguke. Siku jarida lilipotoka mama alilinunulia mtaa mzima, halafu wakaniuliza, wewe uko wapi hapo? Nikaonyesha mikono. Walicheka. Baadaye nikaenda kuwa muuguzi wa meno, unadhani kwa nini?"

"Ninakuja."

"Usije. Nenda kwa yule wa stuli."

"Yule simjui. Mimi na yeye hatujawahi kupanda hata basi moja."

Germantown mvua ilikuwa imeanza upya. Augie alipanda ngazi za mbele ya nyumba ya Winifred mbiombio, akagonga. Dirisha la juu likafunguka, nywele za fedha zikachungulia.

"Utapata mapafu!"

"Wewe ndiye mwenye historia ya mapafu. Shuka!"

"Sema huko huko chini."

"Majirani watasikia."

"Wamezoea. Sema!"

Augie akafuta sharubu. "Mimi ni mwongo, Winnie. Maisha yangu yote nimetazama ule uso nikimtungia hadithi, na haukuwahi kunijibu kitu. Wewe nimekaa nawe kidogo tu, umenitania, umenilisha mawe, umenifokea, na leo nimekuuliza swali baya kuliko yote niliyowahi kumuuliza mtu. Sitaki uso wa kwenye karatasi. Nataka anishike mtu aliyenishika."

Dirisha likafungwa. Augie akadhani yamekwisha. Kisha mlango ukafunguka, Winifred yuko pale kwenye kizingiti na aproni, macho mekundu.

Augie akapiga goti kwenye maji ya mvua, akatoa pete.

"Tramu je?" Winifred akauliza.

"Nimestaafu."

"Ulishanioa, ukanizika. Mara hii utavumilia mpaka mwisho?"

"Mara hii uniue wewe. Kwa dengu zako."

Winifred akacheka, akalia, akamnyanyua kwa kumkamata koti mgongoni kwa mikono miwili, na wakacheza pale pale barazani, bila muziki, wakikanyagana viatu, huku mama mmoja wa ng'ambo akiwapigia makofi.

*

Harusi ilikuwa Juni, nami nikawasomea wageni haya yote niliyoyaandika. Nilipofika mwisho Winifred akasimama na gauni lake jeupe.

"Orrin, goti gani? Augie aliteleza kwenye ngazi. Pete ilimtoka mfukoni akiwa chali. Aliyeuliza 'utanioa?' ni mimi!"

"Kweli kabisa," Augie akasema, msaliti yule.

"Na mama wa ng'ambo?" Winifred akaendelea.

"Ng'ambo ni maegesho ya magari," wageni wa Germantown wakajibu kwa pamoja.

Kwa wakusanyaji wa majarida, anayenadi kitu kwa hadithi ya uongo akikamatwa, aliyemkamata huchagua kimoja mezani kwake, na hakuna kubembelezana; nami nilikuwa nimekamatwa mbele ya harusi nzima. Jumatatu asubuhi Winifred alikuja kwangu. Alipitisha vidole taratibu juu ya bidhaa zangu zote, akipita vya bei rahisi bila huruma, akanyanyua Kibaraza yangu ya Dansi ya Mwisho, ile isiyo na kunjo wala kutu kwenye pini, wekundu wake kama umetoka kiwandani leo. Nilimfungia mwenyewe kwenye karatasi, kamba mbili, fundo zuri.